Pima Kabla Hujalaumu: Maneno Juu ya Mshikio wa Mwendo wa Pikipiki za Umeme

(Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Tumepewa nafasi ya kusema machache katika sikukuu hii ya miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, na bila shaka wengi wenu mwatazamia kusikia habari za lita za maziwa, hesabu za akiba, na majina ya vyama vilivyojiunga nasi mwaka hadi mwaka. Habari hizo zimo katika kurasa nyingine za kitabu hiki, na Mweka Hazina amezieleza vizuri kuliko tuwezavyo sisi. Sisi twaomba ruhusa yenu tuseme juu ya kitu kidogo kinachoenea katika kiganja cha mtu: mshikio wa mkono wa kulia wa pikipiki zetu za umeme, ule ambao mwendeshaji huuzungusha ili kuongeza mwendo. Kitu hicho kidogo kilitupotezea maziwa, kikatupotezea fedha, na lililo baya zaidi, kikatufanya tumdhulumu mtu asiye na hatia. Kwa hiyo twaona chastahili kuelezwa mbele ya wote.

MAMBO YALIYOTUPATA

Katika mwaka 2023 Mkutano Mkuu uliazimia kununua pikipiki za umeme kwa kazi ya kuchukua maziwa kutoka vituo vidogo mpaka kwenye tangi la kupozea. Sababu mwazijua. Bei ya petroli hupanda na kushuka pasipo sisi kuulizwa neno. Safari zetu ni fupi, za njia ile ile kila siku. Na betri zaweza kuchajiwa usiku kituoni. Azimio lilikuwa jema, na hata leo hatulijutii. Lakini tulinunua mashine mpya, nasi wenyewe tukabaki na mazoea ya zamani. Kosa lilianzia hapo.

Masika ya 2024 yalikuwa na mvua nyingi. Asubuhi moja mwendeshaji wetu wa njia ya ng'ambo ya mto alichelewa kufika. Alieleza kwamba pikipiki ilikata mwendo katikati ya kilima, ikagoma kama punda aliyechoka mzigo. Kisha alipouachia mshikio na kuuzungusha upya, ikaendelea. Tuliileta uani, tukaipandisha juu ya stendi kubwa, tukazungusha mshikio. Gurudumu likazunguka pasipo kasoro yoyote. Kesho yake ikakata tena, mahali pale pale. Katika majuma mawili maziwa yalichelewa mara nne, na mara mbili kati ya hizo yaliganda katika kipimo cha spiriti, yakakataliwa. Wanachama walioamka saa kumi na moja alfajiri kukamua waliambiwa hawana malipo ya siku hiyo.

Mtu aliyekasirika haulizi habari za waya. Hutafuta mtu wa kumshika. Halmashauri ilikutana jioni. Palikuwa na maneno kwamba kijana yule huitumia pikipiki ya Chama usiku kubeba abiria, na kwamba ndiyo sababu betri hufika asubuhi imechoka. Hapakuwa na shahidi aliyeona kwa macho, lakini neno likisha kusemwa na watu watatu huanza kufanana na ushahidi. Barua ya kumsimamisha kazi tuliiandika sisi wenyewe katika ofisi ya Katibu, tukaipiga muhuri, tukamkabidhi mbele ya wenzake. Hakugombana nasi. Alisema tu, "Wazee wangu, ipimeni kwanza." Hatukuipima.

Tulinunua kontrola mpya, yaani lile boksi linalopokea amri ya mshikio na kugawa umeme kwenda kwenye mota. Fedha yake ilitoka katika fungu la kutengeneza paa la kituo. Kontrola haikusaidia kitu. Tukanunua mshikio mpya. Nao haukusaidia kitu. Mwendeshaji wa pili, ambaye hakuna aliyemshuku, akakwama kilimani mahali pale pale. Ndipo tulipoanza kuona haya.

Mwishowe tulimwita fundi wa umeme, binti aliyehitimu chuo cha ufundi. Hakuomba kipuri hata kimoja. Aliomba maltimita, ile mita ya kupimia umeme, na mtu wa kumshikia usukani. Alipima usukani ukiwa umenyooka: kila kitu sawa. Akamwambia msaidizi akate kulia: sawa. Akamwambia akate kushoto: kipimo kikaanguka hadi sifuri. Chini ya shingo ya usukani, nyuma ya plagi ambayo hatukuigusa tulipobadili mshikio, waya mmoja mwembamba ulikuwa umekatika ndani ya gamba lake. Ncha zake ziligusana usukani uliponyooka, zikaachana ulipokatwa kushoto. Na njia ya kilima kile, kama mjuavyo, hupinda kushoto. Uani tulikuwa tumeipima pikipiki imesimama wima, usukani umenyooka; basi tungewezaje kuliona lililofichika katika kona? Kuunga waya ule na kuufunika vema kulimalizika kabla ya chai ya saa nne.

TUFANYAVYO KWA MAZIWA

Ndugu zangu, katika Chama hiki hakuna karani athubutuye kumwambia mkulima, "Maziwa yako yametiwa maji," kwa kuyatazama tu kwa macho. Hutumbukiza laktomita mbele ya mwenye maziwa. Maziwa mema ya ng'ombe huonyesha karibu na 28 hadi 32. Yakitiwa maji, kipimo hushuka. Mkulima huona kwa macho yake, na hata akikasirika hawezi kusema ameonewa. Juu ya msingi huo tumeijenga imani ya miaka kumi. Lakini ilipofika zamu ya pikipiki, tuliiacha laktomita mezani tukahukumu kwa uvumi. Tulilokataa kumtendea mkulima tulimtendea mtumishi wetu.

Basi yafaa sote tujue mshikio huu unavyofanya kazi, na namna ya kuupima, ili kosa hilo lisirudi.

NAMNA MSHIKIO UFANYAVYO KAZI

Katika pikipiki nyingi za petroli tulizozizoea, mshikio huvuta waya wa chuma uliomo ndani ya mrija. Waya hufungua njia ya hewa na petroli katika kabureta, na springi huurudisha mkono unapoachia. Waya ukikwama mwauhisi mkononi, na ukikatika mwauona. Katika pikipiki ya umeme hakuna waya wa kuvuta wala petroli ya kumimina, ingawa vijana wetu bado wasema "kuvuta mafuta".

Ndani ya mshikio mna sumaku ndogo, na karibu yake kijidude kiitwacho sensa ya Hall. Jina hilo latokana na Edwin Hall wa Marekani, ambaye mwaka 1879 aligundua kwamba sumaku ikisogezwa karibu na bamba la metali lipitalo umeme, volti ndogo huzaliwa ubavuni mwa bamba lile. Mkono unapozungusha mshikio, sumaku husogea, na volti ya ishara hupanda kadiri ya mzunguko. Kontrola huisoma volti hiyo na kuipa mota nguvu kwa kadiri yake. Pikipiki kubwa za petroli nazo zimeanza kufuata njia ya kutuma amri kwa umeme. Yamaha YZF-R6 ya mwaka 2006 ilikuwa miongoni mwa zilizotangulia.

Kwa kawaida nyaya za sensa hii ni tatu. Wa kwanza huleta volti kama 5 kutoka kontrola. Wa pili hurudisha umeme. Wa tatu hupeleka ishara. Mshikio ukiachiwa, ishara huwa karibu na volti 0.8 hadi 1. Ukizungushwa mpaka mwisho hufika karibu na volti 3.5 hadi 4.2. Rangi za nyaya hutofautiana kwa kiwanda na kiwanda, kwa hiyo asiamini mtu rangi pasipo kutazama kitabu cha pikipiki yenyewe.

Angalieni hekima iliyomo hapa: ishara njema haifiki sifuri kamili wala haifiki volti 5 kamili. Ikianguka hadi sifuri, au ikipanda hadi 5, kontrola iliyotengenezwa vema hutambua kwamba waya umekatika au umegusana na mwingine, nayo huzima mota ili mtu asirushwe barabarani. Hali kadhalika, mtu akiwasha swichi huku mshikio umezungushwa, kontrola nyingi hukataa kuondoka mpaka auachie kwanza. Kwa hiyo pikipiki iliyokataa kwenda si lazima iwe imeharibika. Mara nyingine inamlinda mtu.

UTARATIBU WA KUTAFUTA KASORO

Tumeandika hatua hizi kwa kadiri tulivyofundishwa na fundi wetu, kuanzia lisilo na gharama mpaka lenye gharama. Twawasihi msiruke hatua.

Kwanza, muulizeni mwendeshaji, tena msikilizeni kwa makini. Kasoro hutokea wapi? Kilimani au tambarare? Katika mvua au jua? Usukani ukiwa umenyooka au umekatwa? Pikipiki ikiwa imetoka kuondoka, au baada ya mwendo mrefu? Kijana wetu alikuwa ametuambia jibu lote siku ya kwanza aliposema "mahali pale pale".

Pili, tazameni mambo ambayo si mshikio lakini hujifanya mshikio. Betri iliyopungukiwa hukata nguvu kilimani. Kontrola iliyopata joto jingi hupunguza nguvu mpaka ipoe. Stendi ya pembeni ina swichi katika pikipiki nyingi. Ikichafuka kwa matope, pikipiki hudhani imeegeshwa. Zaidi ya yote, kuna swichi katika mikono ya breki, ambayo huizima mota breki inaposhikwa. Swichi hiyo ikikwama, mtu atauzungusha mshikio mpaka kesho pasipo kupata kitu. Dalili yake ni rahisi: taa ya breki ya nyuma huwaka hata mkono usiposhika breki. Mtoto wa shule aweza kuitazama.

Tatu, zungusheni mshikio huku swichi kuu imezimwa. Yapasa uzunguke kwa wepesi na kurudi wenyewe kwa nguvu ya springi. Ukirudi kwa uvivu, tazameni kama mpira wake unasugua kizuizi cha ndani, au kama mwendeshaji ameuvisha kitambaa au glovu ya mvua inayoubana. Mshikio usiorudi ni hatari kuliko mshikio usiokwenda; pikipiki hiyo isitoke kituoni.

Nne, zimeni swichi, ondoeni betri, kisha fungueni plagi ya mshikio mkaikague. Katika nchi yetu ya mvua na vumbi, ugonjwa mkubwa umo hapa: maji, udongo, na ile kutu ya kijani inayokula shaba. Zikikutwa pini zimechafuka, zisafishwe kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme, zikaushwe, na plagi irudishwe mpaka ilie "ka!". Vuteni kila waya kwa upole; ukitoka mkononi, mmeuona ugonjwa. Papaseni nyaya zinapopita shingo ya usukani, maana hapo hukunjwa kila safari, kulia na kushoto, mwaka mzima.

Tano, pimeni kwa maltimita. Pikipiki iwekwe juu ya stendi kubwa, gurudumu la nyuma lisiguse chini, na mtu asisimame nyuma yake. Plagi ikiwa imefungwa mahali pake na swichi imewashwa, pimeni kwa kupitia nyuma ya plagi: kwanza ule waya wa volti 5, kisha ule wa ishara. Uzungusheni mshikio polepole sana mkitazama namba. Yapasa zipande kwa utaratibu kama maji yajaavyo kwenye ndoo. Zikiruka au kuanguka katikati, kasoro imeonekana. Kisha rudieni kipimo usukani ukiwa umekatwa kulia, na tena ukiwa umekatwa kushoto, na mwingine akitikisa nyaya. Sisi tuliikosa hatua hii ya mwisho, nayo ilitugharimu kontrola nzima.

Sita, amueni kwa kipimo. Volti 5 ikiwapo na waya wa kurudishia umeme ukiwa mzima, lakini ishara haibadiliki, mshikio ndio mbovu. Ishara ikiwa njema kwenye mshikio lakini haifiki kwenye kontrola, kuna waya uliokatika njiani. Volti 5 ikikosekana, zimeni, ondoeni plagi ya mshikio, washeni na kupima tena upande wa kontrola. Volti ikirudi, mshikio ulikuwa ukiifyonza; isiporudi, chunguzeni nyaya na sensa za mota, ambazo katika pikipiki nyingi hunywa kisima kimoja na mshikio, kabla ya kuishitaki kontrola. Kontrola ni ya mwisho kushitakiwa, kwa kuwa ni ya kwanza kwa gharama.

MAMBO YA KUKATAZWA

Betri za pikipiki za namna hii huwa na volti 48, 60 au 72, kwa kadiri ya kiwanda. Ncha zake zikiunganishwa kwa spana au kwa pete ya kidoleni, chuma huyeyuka na mtu huungua. Kwa hiyo pete na saa zivuliwe, na nyaya nene zisiguswe na asiyefundishwa. Mtu asiunganishe waya wa ishara na waya wa volti 5 ati ajaribu. Gurudumu laweza kuruka kwa kasi yote mara moja. Mtu asikate waya wa swichi ya breki ati pikipiki iende. Ameondoa kinga ya mwenzake. Na pikipiki isioshwe kwa mashine ya maji yenye nguvu kwenye usukani; kitambaa chenye maji chatosha. Na ikitokea mota inavuta yenyewe barabarani, mwendeshaji ashike breki zote mbili na kuzima swichi ya usukani papo hapo, kabla ya kuuliza sababu.

HESABU TUNAYODAIWA

Sasa turudi kwa yule kijana. Waya ulipoonekana, Halmashauri iliitwa siku ile ile. Wapo waliosema inatosha kumwita arudi kazini kimya kimya, ili heshima ya Chama isishuke. Sisi tulisema, na twasema tena leo, kwamba barua ya kumshitaki ilisomwa mbele ya watu, basi na barua ya kumwomba radhi isomwe mbele ya watu wale wale. Ilisomwa. Mshahara wa siku alizokaa nyumbani ulilipwa wote. Alirudi kazini, na asubuhi ya leo ndiye aliyeleta maziwa ya chai mnayokunywa. Hatumtaji jina kwa kuwa yeye mwenyewe aliomba hivyo.

Kontrola ile ya zamani, ambayo tuliihukumu pasipo kuipima, tuliipima baadaye ikaonekana nzima. Imewekwa rafuni katika ofisi ya Katibu, mahali ambapo kila aingiaye aiona. Tumeandika juu yake neno moja: PIMA. Na paa la kituo, kama mlivyoona mvua ilipoanza asubuhi hii, bado lavuja. Hiyo ndiyo hesabu ya haraka yetu, wala hatutaki kuificha katika kitabu cha sherehe.

Bwana Mwenyekiti, twaomba Mkutano huu uyakubali mambo manne. La kwanza, kila kituo kiwe na maltimita moja, iwekwe pamoja na laktomita na kutunzwa kama laktomita. La pili, kila chama cha msingi kichague watu wawili wafundishwe hatua hizi sita, mmoja wao awe mwendeshaji. La tatu, kila pikipiki iwe na daftari lake, ambamo mwendeshaji ataandika kasoro, mahali ilipotokea na hali ya hewa. Na kipuri kisinunuliwe mpaka kipimo kimeandikwa humo na kutiwa sahihi. La nne, nalo ndilo kubwa: mtumishi yeyote wa Chama asiadhibiwe kwa kosa la mashine kabla mashine yenyewe haijapimwa mbele yake.

Wazee wetu walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Waya ule ulikuwa mvunguni mwa usukani, nasi tuliona uzito kuinama. Fundi aliinama, akauona.

Chama cha ushirika hakikujengwa kwa mashine wala kwa fedha peke yake. Kilijengwa siku ile mkulima wa kwanza alipoyamimina maziwa yake pamoja na ya jirani yake, akiamini kwamba kipimo cha kituoni kitakuwa kimoja kwa wote. Kipimo hicho na kiwe kimoja pia kwa mwendeshaji, kwa karani, na kwa Katibu mwenyewe. Tukilishika hilo, tutakutana tena baada ya miaka kumi mingine tukiwa na maziwa mengi, paa zima, na dhamiri safi.

Ushirika wetu udumu.